Vigingi vya Mama Enesi

"Shauri la Kusogezwa kwa Vigingi vya Serikali Bila Kibali." Ndivyo walivyoandika bomani, baada ya tetemeko kuacha ufa katikati ya kahawa ya Mama Enesi, mjane wa kijiji cha Iyula. Kila vilipopimwa vigingi viwili vya chuma walivyopigilia, kimoja kila upande wa ufa, vilikuwa vimeachana zaidi. Kwa kuwa ardhi haikuwa na kibali cha kutembea, Bwana Shauri, mkuu wa boma, aliamua kuwa ni mjane anayeving'oa. Vikisogea tena, atafukuzwa shambani.

Rafiki yangu Lusubilo, mpimaji, alitumwa jioni moja ya ukungu. Msaidizi wake alikuwa na homa, hivyo Lusubilo akamwomba Mama Enesi avuke ubao uliolazwa juu ya ufa, ashike ncha ya mnyororo wa kupimia ng'ambo.

"Nishike mnyororo wa kunifungia mwenyewe?" mama alicheka. "Haya, mwanangu, lete."

Ukungu ukammeza. Lusubilo akaita kama wapimaji waitavyo: "Tayari?"

"Tayari!"

Mnyororo ukakaza, pete zikalia. Akasoma.

"Mama, vimesogea tena. Niseme nini bomani?"

"Sema sikuvigusa!"

Sauti ilitoka nyuma yake. Mama Enesi alikuwa amesimama na taa mkononi. "Niliacha ncha kwenye ubao, nikarudi kuchukua taa. Unaongea na nani?"

Mnyororo ulikuwa bado umekaza. Mama akaudaka, akauvuta kwa nguvu zote.

"Wewe huko! Shamba ni langu, sitoki! Twende bomani ukajieleze mwenyewe!"

Kisha sauti ikajibu, safari hii kutoka chini ya miguu yao: "Tayari."