Mawe Matatu ya Nakijwa

Sogeeni karibu. Bado, sogeeni tena. Leo tunapanda mlima, na mlimani hatuachani.

Nakijwa ana miaka sita. Anakaa Upare, chini ya Mlima Kireti. Huko kuna mawe makubwa kuliko nyumba.

Njia ya Mlima Kireti inazunguka. Unaanza kwenye geti la kina Nakijwa. Unapanda, unazunguka, unashuka, na unarudi kwenye geti lile lile.

Baba yake Nakijwa ndiye anayeitunza njia hiyo. Kila masika yakiisha, Baba huizunguka yote na kupanga mawe.

Mawe gani? Mawe matatu.

Jiwe kubwa chini,
jiwe la kati katikati,
jiwe dogo juu.

Maana yake ni moja tu: pita hapa. Wageni huyafuata, na hawapotei.

Jumamosi moja, Nakijwa alivaa buti zake. Leo Baba angempeleka mlimani kwa mara ya kwanza.

Mamdogo Riziki naye alikuwepo. Huyu ni mdogo wake Mama, amekuja kutembea kutoka Tanga mjini, pwani. Kwao hakuna milima, na kupanda hajawahi.

"Shemeji, wewe ndiye utakayetusaidia," Baba akamwambia. "Mimi na Nakijwa tutatangulia kupanga mawe. Wewe utakuja nyuma, ufuate mawe. Ukifika wewe, mgeni yeyote atafika."

"Na nikipotea?" Mamdogo akauliza.

"Hupotei. Wewe fuata mawe tu."

Mama akampa Mamdogo kikapu cha kubeba mgongoni. Ndani yake mlikuwa na makande ya moto.

"Haya," Mamdogo akasema. "Lakini nikipotea, mjue nimepotea na chakula chenu chote!"

Wote wakacheka. Nakijwa alicheka kuliko wote.

Wakaanza. Njia ilipogawanyika, Baba aliinama. Jiwe kubwa chini, jiwe la kati katikati. Jiwe dogo aliliweka Nakijwa.

Kisha mwamba ukasimama mbele yao, mrefu kama ukuta.

"Hapa miguu miwili haitoshi," Baba akasema. "Mikono nayo ifanye kazi. Sema na mimi."

Shika kwanza,
kanyaga baadaye.
Taratibu, tutafika.

Nakijwa akashika. Nakijwa akakanyaga. Kwaruuu! Buti likateleza!

Kijiwe kikaanguka. Ko! Ko! Ko... ko... Nakijwa alisikiliza, lakini hakusikia kilipoishia.

"Nimekushika," Baba akasema nyuma yake. "Endelea."

Shika kwanza,
kanyaga baadaye.
Taratibu, tutafika.

Wakafika juu ya mwamba. Nakijwa alikuwa anahema, hee, hee, hee. Baba akakaa kufunga kamba za viatu vyake.

Hapo njia ilikuwa moja tu, ilikwenda kulia. Kwa hiyo Baba hakuweka mawe. Kushoto kulikuwa na kijia chembamba cha pimbi, wale wanyama wadogo wanaokaa kwenye mawe.

Kwenye kijia cha pimbi, mjusi alikuwa anaota jua. Alikuwa na kichwa chekundu.

"Mjusi, huna nyumba?" Nakijwa akamnong'oneza. "Ngoja nikujengee."

Akatafuta jiwe la kahawia. Akatafuta jiwe la kijivu. Akatafuta jiwe jeupe, dogo kama yai la njiwa.

Jiwe kubwa chini,
jiwe la kati katikati,
jiwe dogo juu.

Nyumba ilipendeza kweli. Mjusi hakuingia, alikimbia zake.

"Nakijwa! Twende!" Baba akaita.

Nakijwa akakimbilia kulia, kwa Baba. Nyumba ya mjusi ikabaki pale kushoto, imesimama.

Mmeona alichofanya? Yeye hakuona. Bado.

Wakapanda mwamba wa pili. Wakapanda mwamba wa tatu. Halafu jua likapotea.

Fuuu. Ukungu ukaja, mweupe na baridi. Ukafunika miti. Ukafunika mawe. Nakijwa akatazama buti zake, akaziona kwa shida.

"Baba, Mamdogo atatuonaje?"

"Hana haja ya kutuona sisi," Baba akasema. "Akiona mawe matatu, anakata kona. Basi."

Nakijwa akasimama.

Mawe matatu. Nyumba ya mjusi!

"Baba," akauliza polepole, "kile kijia cha pimbi kinakwenda wapi?"

"Kile? Kinakwenda gengeni. Kinafika mwisho wa mlima, halafu hakuna kitu. Ni hewa tu."

Nakijwa alitaka kusema. Mdomo ukakataa. Baba atakasirika! Baba hatamleta tena mlimani!

Lakini Mamdogo alikuwa anakuja nyuma, na kikapu chake, anafuata mawe.

"Baba, nimekosea!" Nakijwa akasema, na machozi yakamtoka. "Nilimjengea mjusi nyumba. Ya mawe matatu. Kwenye kijia cha pimbi."

Baba akainama, akamtazama usoni.

"Umefanya vizuri kuniambia," Baba akasema. "Nipe mkono. Tunarudi sasa hivi."

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Unageuza uso kwenye mwamba. Mguu unatafuta pa kukanyaga, na macho hayaoni.

Shika kwanza,
kanyaga baadaye.

Nakijwa alitaka kukimbia. Baba akamshika bega. "Tukianguka sisi, nani atamfuata Mamdogo?"

Taratibu, tutafika.

Mwamba wa tatu. Mwamba wa pili. Wakafika kwenye nyumba ya mjusi.

Mawe matatu yalikuwa bado yamesimama. Na kwenye udongo kulikuwa na alama za viatu. Zilikata kushoto.

"Mamdogooo!" Nakijwa akaita.

Kimya.

"Mamdogooo!"

"...Naaam!" Sauti ilitoka mbali, ndani ya ukungu. "Mko wapi? Nakuja!"

"Usije!" Baba akapaza sauti. "Shemeji, kaa chini! Kaa hapo hapo! Usiongeze hata hatua moja!"

Kimya tena. Moyo wa Nakijwa ulipiga, du, du, du.

"Nimekaa!" Mamdogo akajibu. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Baba akatazama ukungu. "Tukiingia humo, na sisi tunaweza kupotea."

Nakijwa akafuta machozi. Akaokota jiwe kubwa. "Baba, tupange mawe. Tupange tukienda, tuyafuate tukirudi."

Baba akainama, akaanza kuokota naye.

Jiwe kubwa chini,
jiwe la kati katikati,
jiwe dogo juu.

Hatua tano, mawe matatu. Hatua tano, mawe matatu. Baba alitangulia, akipapasa ardhi kwa fimbo. Tap. Tap. Tap. Nakijwa alimshika shati, hakuliachia.

"Mamdogo, uko wapi?"

"Niko hapa, mwanangu!"

Tap. Tap. Tap.

Na pale, mwisho wa kijia, wakamwona. Mamdogo Riziki alikuwa amekaa chini, amekumbatia kikapu kwa mikono yote miwili.

Upepo ukavuma. Fuuu! Ukungu ukafunguka kidogo.

Mbele ya viatu vya Mamdogo kulikuwa na majani. Baada ya majani, hapakuwa na kitu. Chini kule, mbali sana, mabati ya nyumba yaling'aa.

Baba akamshika Mamdogo mkono, akamvuta nyuma, hatua moja, hatua mbili, hatua tatu.

Nakijwa akamrukia, akamkumbatia kiunoni. "Ni mimi, Mamdogo! Yale mawe niliyaweka mimi! Nilikuwa namjengea mjusi nyumba! Nisamehe!"

Mamdogo alimbana Nakijwa kwa nguvu.

"Nimeogopa sana," akasema. "Nimeogopa, na bado naogopa. Lakini nimekusamehe." Akavuta pumzi. "Na huyo mjusi? Kajengewa nyumba nzuri hivyo, mbona sikumkuta ndani?"

"Alikimbia," Nakijwa akasema.

"Hana adabu," Mamdogo akasema. Nakijwa akacheka huku analia.

Wakarudi wakifuata mawe. Na kila walipoyapita, Nakijwa aliyabomoa mwenyewe. Jiwe dogo, jiwe la kati, jiwe kubwa. Yasimpoteze mtu mwingine.

Mwisho akaibomoa nyumba ya mjusi. Lile jiwe jeupe akalitia mfukoni.

Walikaa pale kwenye njia nzuri, wakala makande. Yalikuwa yamepoa. Yalikuwa matamu hivyo hivyo.

Ukungu ulipoondoka, wakapanda tena, mara hii watatu pamoja. Mamdogo alipanda katikati.

Shika kwanza,
kanyaga baadaye.
Taratibu, tutafika!

Wakapanda, wakazunguka, wakashuka. Njia ilipogawanyika mara ya mwisho, Baba alisimama kando.

"Hapa panga wewe," akamwambia Nakijwa.

Nakijwa hakuanza haraka. Alitazama kushoto. Alitazama kulia.

"Njia ni ya kulia, Baba?"

"Ni ya kulia."

"Kweli kweli?"

"Kweli kweli."

Ndipo akapanga. Mamdogo Riziki akayatazama mawe yale, akamtazama Nakijwa. Kisha akakata kulia, bila kuuliza.

Na mbele yao kulikuwa na geti, na Mama amesimama getini.

Jioni, Nakijwa alioga, akala, akapiga miayo. Usiku huo Mamdogo angelala naye chumbani kwa mara ya kwanza. Mgeni hakijui chumba hicho, na vitanda viko viwili.

Nakijwa akatoka nje, akaokota mawe mawili. Akayapanga sakafuni, kando ya kitanda chenye godoro laini. Kisha akatoa jiwe jeupe mfukoni.

Jiwe kubwa chini,
jiwe la kati katikati,
jiwe dogo juu.

Mlango ukafunguka. Mamdogo Riziki akatazama sakafuni.

"Pita hapa?" akauliza.

"Pita hapo," Nakijwa akasema, macho yameshaanza kufumba. "Hakuna genge. Nimeangalia."

Mamdogo akapita hapo, akalala.

Nasi tumeshazunguka mlima wote, tumerudi getini. Laleni, wanangu. Njia nimeshaiangalia.