Korongo Asiyeitwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mulki alimsaidia nyanya yake kuanika mahindi kwenye turubai, nyuma ya nyumba yao mjini Kitale. Wiki hiyo alianika huku kamera ya klabu ya mazingira ya shule ikining'inia shingoni. Mwalimu Nabwile alitaka picha ya mtu na mnyama waliokutana bila kupangwa. Picha bora ingepelekwa kwenye maonyesho Bungoma, na Mulki alikuwa ameapa kwamba itakuwa yake.

Siku tano zikapita. Alichopata ni mkia wa mbwa na ng'ombe akipiga miayo. Siku ya sita, korongo mwenye taji alitua ng'ambo ya seng'enge, akagoma kusogea. Subira ikamwisha Mulki. Alidondosha mahindi kidogo kidogo kutoka kwenye seng'enge hadi penye kigoda alichokalia nyanya. Korongo akayafuata, akainua shingo, akatazamana na nyanya uso kwa uso. Mulki akapiga picha.

"Hii inaenda Bungoma!" Mwalimu Nabwile alisema. "Alikuja mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

Kesho yake korongo alirudi na wenzake wanne, moja kwa moja hadi kwenye turubai. Nyanya alipowafukuza kwa ufagio, walihamia mahindi ya jirani yao, Mzee Absalom.

"Hawa ndege wamezoea vibaya, bana!" alifoka. "Wakiendelea hivi, nitawawekea sumu."

Mulki aliingiwa na hofu. Aliipenda sana picha ile, lakini ni yeye aliyewafundisha ndege njia. Alimweleza mzee ukweli, akamwomba siku saba za kuwafukuza. Shuleni akamweleza mwalimu pia, huku akilia. Picha yake ikaondolewa, na ile ya Hillary, ya mbuzi juu ya pikipiki, ikaenda Bungoma.

Wiki nzima Mulki aligonga debe asubuhi na jioni kila mara korongo walipokaribia turubai. Mchana, akiwa shuleni, nyanya alishika zamu. Mikono ilimuuma, lakini hakukosa hata siku moja. Siku ya saba hawakuja kwenye mahindi.

"Haya, sumu sitaweka," Mzee Absalom akasema.

Mwalimu alikuwa amemwachia kamera. Jioni hiyo, nyanya akitawadha, korongo mmoja alipita mbali, ng'ambo ya seng'enge, akasimama. Nyanya akainua kichwa, birika mkononi. Mulki alipiga picha moja tu.

"Si huyu ndege ni mdogo sana!" Mwalimu Nabwile alisema kesho yake, akiitazama picha.

"Ndiyo, mwalimu. Lakini hakuitwa na mtu."

Mwalimu akaibandika ukutani mbele ya darasa. "Ile ya kwanza ilipendeza, lakini ilitudanganya, na karibu iwaue ndege. Hii naiamini, Mulki, kwa sababu sasa nakuamini wewe."