Nyayo Saba za Nani?

Chande hakuwa na saa, wala hakuona haja ya kuwa nayo. Nyumba yake na shamba lake la mikorosho vilikuwa nje ya kijiji, upande wa kwenda Nanyamba. Adhana ya msikitini haikufika huko. Akitaka kujua kama alasiri imeingia, alisimama juani, akapima kivuli chake kwa nyayo. Zikifika saba, basi alasiri. Marehemu baba yake alipima hivyo hivyo.

Mwaka ule wa 1973, msimu wa kuokota korosho, mkewe Hadija alishikwa na malaria. Zahanati walimpa vidonge, kimoja asubuhi na kingine alasiri. Waliwaonya wasiruke hata kimoja. Chande hangeweza kushinda nyumbani na korosho zimejaa chini ya miti. Akamwita binti yake Fauzia, mtoto wa miaka saba, akamfundisha kuhesabu nyayo.

"Zikifika saba, mpe mama yako kidonge," alimwambia. "Si kabla."

Kesho yake Chande alirudi kutoka shambani, akakuta kidonge kimeshatolewa. Alikitazama kivuli cha Fauzia, akakiona kifupi. Akakipima kwa miguu yake. Alipata nyayo nne na kipande.

"Saba ziko wapi hapa?"

"Nilihesabu, baba. Zilifika saba."

"Muongo wewe."

Neno hilo alilisema mbele ya jirani yao Zuhura na wanawake wawili waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Kisha akamvuta mtoto sikio. Fauzia hakulia. Aliinamisha kichwa, na wale wanawake wakajifanya wanatengeneza khanga zao.

Siku ya pili Fauzia alishinda ndani, hakutoka juani hata mara moja. Mama yake alikuwa amelala, hakujua saa. Kidonge cha alasiri kikapita. Jioni homa ya Hadija ilipanda, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Chande akamuuliza mtoto kwa nini hakupima. Fauzia alijibu kwamba yeye ni muongo, na muongo hawezi kupima.

Hapo Chande akafura kwa hasira. Siku ya tatu alimwachia Zuhura mgonjwa na vidonge vyake, akamshika Fauzia mkono mpaka shuleni. Mwalimu Modesta alifundisha watoto asubuhi, na alasiri alifundisha kisomo cha watu wazima. Chande mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake. Alitaka mtoto achapwe mbele ya wanakisomo wote, uongo umtoke.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakugusa fimbo. Alitazama saa yake ya mkononi, akawatoa wote nje.

"Sasa ni saa tisa na robo," alisema. "Ndugu Chande, pima kivuli chako."

Mwalimu alichora mstari kilipoishia kivuli. Chande akahesabu. Saba.

"Fauzia, na wewe pima chako, kwa nyayo zako."

Mtoto alisita, akamtazama baba yake, kisha akaanza, kisigino mbele ya kidole, polepole. Saba.

"Sasa Ndugu Chande, pima cha Fauzia."

Nne na kipande. Wanakisomo wakaangua kicheko. Chande alibaki na mguu mmoja mbele, hajui autie wapi.

"Mtu mfupi ana kivuli kifupi," Mwalimu alieleza, "lakini na mguu wake ni mfupi. Kila mmoja akitumia nyayo zake, wote wanafika saba wakati mmoja. Wewe ulipima kivuli cha mtoto kwa mguu wa baba. Mwanao hakudanganya."

Fauzia akapata moyo wa kuuliza. "Mwalimu, mbona saa sita kivuli kinakuwa kidogo? Baba anasema jua kali linakikausha, kama korosho."

Kicheko kikaanza upya. Chande alitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu hakucheka. Aliwaingiza katika stoo yenye giza, akasimamisha kipande cha chaki mezani, akampa Fauzia tochi. "Hili ndilo jua. Liweke juu ya chaki." Kivuli kikawa kidogo sana. "Sasa lishushe pembeni." Kivuli kikarefuka mpaka ukingo wa meza.

"Chaki imerefuka?"

"Hapana. Jua limeshuka."

"Ndivyo. Kivuli ni mahali ambapo mwanga umezuiwa. Jua likiwa utosini, unazuia mahali padogo, miguuni tu. Likiwa chini, mwanga unakuja kutoka ubavuni, unazuia mahali parefu. Kwa hiyo vivuli vya asubuhi na jioni ni virefu. Hakuna kinachokauka."

Njiani Chande alitembea nyuma ya binti yake. Aliona aibu. Si ya kuchekwa, hiyo angeizoea. Mtoto alifanya sawasawa na alivyofundishwa, na malipo yake yakawa kuvutwa sikio. Tena Hadija aliweweseka kwa sababu yake yeye. Na kwao hakuwahi kumwona baba akimwomba mtoto radhi.

Siku ya nne hakwenda shambani. Alingoja mpaka Zuhura na wale wanawake wawili walipokuja.

"Siku ile nilimwita mwanangu muongo mbele yenu," alisema, macho chini. "Hakudanganya. Mimi ndiye niliyekosea kupima. Fauzia, nisamehe, mwanangu."

Fauzia alitoka nje uani, akasimama juani. Chande akamfuata, akasimama kando yake ili wapime pamoja.

Mtoto aliitazama miguu ya baba yake kwa muda mrefu.

"Vua katambuga kwanza, baba. Zinaongeza mguu."

Chande akazivua. Wakahesabu, wakafika saba pamoja, na Fauzia akaingia ndani na kidonge na kikombe cha maji.

Hadija alimaliza vidonge vyake bila kuruka tena. Siku alipopata nguvu za kutoka nje, alikuta katambuga na ndara zimepangwa kando ya mlango. Majirani walikuwa wamekuja kumuuliza Fauzia saa. Hakuruhusu mtu apime na viatu miguuni, na jozi ya kwanza pale mlangoni ilikuwa ya baba yake.