Dhoruba Iliyomleta Ilmo Mlangoni

Siku hiyo stendi ya mabasi ya Kuopio, mji wa kaskazini ya mbali kwenye theluji, ilifurika watu. Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Desemba, kila mtu katoka madukani na mifuko ya Krismasi, anasukuma awahi basi kabla giza halijaingia. Saija Hyttinen alikuwa amevaa koti refu la sufu, rangi ya zambarau, alilolishona mwenyewe, na skafu ya manjano yenye nyuzi ndefu. Alikuwa fundi wa nguo za waigizaji kwenye jumba la maonyesho la mji. Mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwembamba, mwenye macho ya kijivu na mdomo usiochelewa kujibu.

Ghafla akahisi anavutwa shingo.

"We kaka! Unaenda wapi na shingo yangu?"

Mwanamume aliyekuwa anampita akageuka. Alikuwa mrefu, mabega mapana, nywele zimelowa na zimeanza kuganda kwa baridi. Zipu ya jaketi lake ilikuwa imezing'ata nyuzi za skafu ya Saija.

"Samahani, dada. Mimi nilidhani wewe ndiye unayenifuata."

"Nikufuate wewe? Mtu mwenyewe unatembea na kichwa kibichi kwenye baridi hii!"

"Nafundisha watoto kuogelea. Nimetoka bwawani sasa hivi."

"Basi utakufa kwa kichomi, na skafu yangu ifie huko huko."

Ilmo Rautiainen akacheka, akahangaika na zipu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Zipu ikagoma. Basi la Saija likaondoka, la Ilmo nalo likaondoka. Mwishowe waliingia kwenye mgahawa wa stendi wakiwa wameungana vilevile, watu wakiwatazama kwa pembe za macho. Mhudumu aliwaletea mkasi. Hawakuugusa mpaka walipomaliza kahawa ya pili.

Toka hapo simu hazikukatika.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Bado. Nakungoja wewe."

"Unaningoja na mimi niko ng'ambo ya pili ya mji?"

"Nimezoea tu kukungoja, mpenzi."

Ilmo alikuwa akija kwenye kijumba cha mbao alichorithi Saija kwa shangazi yake, nyuma ya kanisa. Walikaa mbele ya jiko kubwa la kuni lililojengwa kwa matofali, Saija akishona vifungo vya gauni la malkia fulani wa jukwaani, Ilmo akimpima miguu kwa macho na kuapa kwamba atamfundisha kuogelea hata kwa nguvu. Alimweleza kwamba aliwahi kuoa, na mkewe, Kirsi, alifariki. Zaidi ya hapo Saija hakumchimba.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamwasha. Ilmo hakuwahi kumwambia, njoo kwangu. Na kila ikikaribia saa ya chakula cha jioni, aliinuka haraka, anavaa mabuti.

"Una nini huko kinachokukimbiza?"

"Mambo ya nyumbani tu. Nitakwambia."

Hakumwambia. Jumapili moja baada ya Krismasi, Saija alimpigia Ilmo simu, ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti nyembamba, laini kama ya msichana.

"Ilmo yuko jikoni, anapika," sauti ikasema kwa raha zake. "Hapa yeye ndiye mpishi, mimi nadekezwa tu. Nimwambie nani anamtafuta?"

Saija akakata simu. Alikaa kitako kwenye kiti cha cherehani. Kisha akaandika ujumbe: "Mpikie vizuri huyo unayemdekeza. Mimi usinitafute tena." Akaizuia namba yake. Ilmo alipokuja kumngoja kwenye mlango wa jumba la maonyesho, Saija alipitia mlango wa nyuma, akalia njia nzima, machozi yakimuuma mashavuni kwa baridi.

Januari ikaingia na dhoruba yake. Theluji haikuanguka, ilitupwa. Upepo uliirusha ubavuni mwa nyumba mpaka madirisha yakazibwa nusu. Asubuhi umeme ukakatika mji mzima. Saija alijua la kufanya. Alijaza maji kwenye ndoo na masufuria yote, akatoa maziwa na nyama barazani vikae kwenye theluji, akafunga vyumba vya pembeni na kutundika mablanketi milangoni ili joto lisitoroke. Akaingiza kuni, akawasha jiko. Redio ya betri ikasema miti imeangukia nyaya kila upande, watu wawe na subira. Usiku alilala chini, karibu na matofali ya moto, na simu yake ikazimika kwa kukosa chaji.

Siku ya pili, mchana, akiwa anakoroga supu ya njegere, mlango ukagongwa. Si kwa mkono, ulipigwa teke.

Alipoufungua, theluji ilimmwagikia miguuni. Ilmo alikuwa amesimama nje, nyusi na ndevu nyeupe tupu, anahema kama mtu aliyekuwa anazama. Mbele yake alishikilia kiti cha kuteleza, kile chenye vyuma virefu chini ambacho wazee husukuma wakienda dukani. Juu ya kiti palikuwa na furushi la mablanketi lililofungwa kamba.

"Saija, mimi nifukuze," alisema. "Lakini huyu muingize."

"Nani huyu?"

"Mama mkwe wangu. Nyumba yetu inapashwa joto kwa umeme, imekuwa barafu tangu jana. Magari ya msaada yamekwama, simu yako haipatikani. Ameanza kusinzia, Saija, na mimi sitaki asinzie. Sijui mwingine mwenye jiko la kuni."

Saija hakuuliza la pili. Walilibeba furushi pamoja mpaka mbele ya jiko, wakafungua kamba, na ndani yake akatokea kikongwe mdogo, mwenye kofia mbili kichwani na midomo ya bluu. Saija alimvua soksi, akaishika miguu ile kati ya viganja vyake, akaipuliza, akaivalisha soksi za sufu zilizokuwa zimetundikwa jikoni. Akamlisha supu ya moto kijiko kwa kijiko. Ilmo alisimama ukutani na theluji inamdondoka, hathubutu kukaa.

Muda ukapita, rangi ikarudi. Kikongwe akafumbua macho, akamtazama Saija kwa makini.

"Supu haina chumvi," alisema.

Sauti nyembamba. Laini kama ya msichana. Kijiko kikasimama hewani.

"Ni wewe," Saija alinong'ona. "Wewe ndiye uliyepokea simu."

"Na wewe ndiye uliyenikatia! Mimi Aune. Huyu bwana akakaa wiki nzima hali chakula, anaunguza viazi, hasemi kitu. Nikajiuliza, nimekosea wapi? Nilisema tu kwamba ananidekeza. Kwani uongo?"

Saija akavaa koti, akachukua shoka. "Kuni zinapungua," alisema, akatoka. Ilmo akamfuata bandani.

"Kwa nini hukuniambia?" Saija alimgeukia. "Nimelia kama mwehu kwa ajili ya bibi wa miaka themanini!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kirsi alikuwa mtoto wake wa pekee. Alipokufa, Aune hakubakiwa na mtu, na mimi sikuweza kumwacha. Nimekuwa na wanawake wawili baada ya hapo. Wote walipojua ninaishi na mama wa marehemu mke wangu, waliondoka. Mmoja alisema ndani ya nyumba ile bado kuna mke. Nikajisemea, huyu wa skafu, acha kwanza anipende. Nikawa kila siku nasema kesho."

"Yaani uliniona kama hao."

"Hapana. Niliogopa kukupoteza wewe, ndiyo maana."

Upepo ulikuwa unapiga bati juu yao. Saija alimtazama: mabega yameshuka, viganja vya glavu vimechanika kwa kusukuma, mwanamume aliyekatiza mji mzima kwenye dhoruba na kikongwe asiye damu yake. Hasira aliitafuta, hakuiona. Akamvua glavu zilizolowa, akaiingiza mikono yake ndani ya koti lake la zambarau.

"Mkaidi wewe," alisema taratibu.

"Mkaidi ni wewe. Nimekuandikia ujumbe mpaka vidole vikaota sugu."

"Nilikuzuia."

"Nilihisi. Lakini niliendelea."

Walirudi ndani na kuni, na Aune akawaangalia kutoka chini ya mablanketi, akafumba macho haraka kujifanya amelala. Jioni walioka mkate mweusi kwenye majivu ya moto, wakacheza karata kwa mwanga wa mishumaa. Aune aliwaibia wote wawili bila aibu. Walilala watatu mbele ya jiko, kikongwe katikati akikoroma, na juu ya mablanketi yake mikono miwili ikishikana.

Asubuhi upepo ulikuwa umenyamaza. Kabla ya kahawa kuchemka, friji ikanguruma, taa ikawaka, redio ya jirani ikaanza kupiga kelele. Hakuna aliyeshangilia. Ilmo alikwenda kufungua mlango, akakitoa kile kiti kwenye theluji, akasimama kizingitini kofia mkononi.

"Basi, tusikuchoshe zaidi. Ikifika mchana nyumba yetu itakuwa imepata joto. Saija, sina njia nzuri ya kulisema hili. Nataka unioe. Yaani, nikuoe. Lakini ukinichukua mimi unachukua na mama mkwe, tena si mama yangu. Sitaki nikufiche tena kitu."

Saija aliendelea kumwagia Aune kahawa, polepole, mpaka kikombe kikajaa.

"Mama mkwe nimeshampenda," alisema. "Wewe ndiye bado nakufikiria."

Aune akapasuka kicheko mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa ncha ya blanketi. Akautazama moto. "Kirsi angekupenda," alimwambia Saija. Kisha akapiga paja lake kwa kiganja.

"Haya, mfikirie taratibu, mwanangu, usiharakishwe. Lakini huyu mwanamume mwambie aingie ndani afunge mlango. Tunaganda!"

Saija akaweka birika chini, akaenda mlangoni, akamshika Ilmo kola ya jaketi na kumvuta ndani. Akaufunga mlango kwa mgongo wake, uso wake ukiwa kifuani mwa Ilmo.

"Nimeshafikiria," alisema.