Jasho Kwenye Shela

Shela lilikuwa limekauka lote, isipokuwa kwapani.

Mama Hafsa alilipapasa kuanzia kifuani mpaka kwenye pindo, akakuta kila mahali pakavu kama karatasi. Aliporudisha mkono kwapani, vidole vikatoka na majimaji. Akavinusa. Hayakuwa maji ya kusuuzia. Lilikuwa jasho, tena bichi, la mtu aliyetoka kutwanga sasa hivi, na lilikuwa na joto.

Sasa, nguo haina kwapa. Kwapa ni la mtu, nguo inaazima tu. Na mwenye kwapa hilo, bintiye Hafsa, alikuwa Nangurukuru kwa mumewe Yassin, mbali kwa basi kutoka hapo Lindi. Mama Hafsa akafanya ambacho wengi wetu tungefanya: akailaumu hewa. Akasema pwani ina unyevu. Akaligeuza shela upande wa pili, akaenda zake kukuna nazi.

Shela lenyewe lilikuwa jambo. Lilitoka Dar es Salaam, lesi tupu mpaka kiunoni, chini neti tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na kifuani shanga zilizoshonwa moja moja na mtu ambaye bila shaka macho yake sasa hayaoni. Siku ya harusi Hafsa alipendeza mpaka shangazi zake wakanuna. Lakini harusi ni harusi. Pindo lilirudi na udongo mwekundu, tumboni mafuta ya pilau, shingoni poda ya kutosha kupaka chumba. Mama Hafsa akaapa litafuliwa, litatunzwa, na siku moja mjukuu wake wa kike atalivaa. Hafsa ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Wengine waliotangulia aliwazika wakiwa hawajaota meno.

"Usilitie sabuni ya unga," Fortunata, jirani yake fundi cherehani, alikuwa amemwonya kabla hajalifua, akiwa ameegemea ukuta wa ua. "Usilikamue. Wala usilitundike kwenye kamba likiwa na maji, hizo shanga zitalivuta mpaka lesi ichanike. Lilaze."

"Nililaze kama mgonjwa?"

"Kama mgonjwa hasa. Na uliguse polepole. Ila hapo sikufundishi, shoga, mikono yako nani asiyeijua."

Mtaa mzima uliijua. Mwanamke akifariki, aliyeitwa kumwosha ni Mama Hafsa. Alikuwa na mikono ambayo ndugu wa marehemu waliishukuru hata wakiwa wanalia.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia, na halikuingia kwa uvivu, liliingia kwa ujuzi. Alililaza shela kwenye kitanda cha kamba uani, maji yapate kupenya chini. Sabuni ya unga imekatazwa, basi akachukua alichokuwa nacho ndani, unga wa majani ya mkunazi, wenye povu pole lisilochubua kitu. Akaanza upande wa kulia, kisha wa kushoto, kwa sababu mikono yake haikujua kuanza kwingine. Maji ya mwisho akayatia kafuri, mende na nondo wasilisogelee. Midomo nayo, bila kuulizwa na mtu, ikasoma yale inayoyasoma siku zote. Na jioni, lilipokauka na lile jasho likapuuzwa, akalizungushia bafta nyeupe iliyobaki msiba wa juzi, akaifunga kwa vitambaa juu, katikati na chini.

Fortunata akachungulia. "Mbona umelifunga hivyo?"

"Vumbi."

"Vumbi gani hilo, shoga? Ukiliweka barazani hilo, wapita njia watavua kofia."

Wakacheka wote wawili. Kisha Mama Hafsa akalilaza ndani ya sanduku la bati chumbani, akafunga kifuniko.

Hafsa alipiga simu wiki hiyo hiyo. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya blanketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko?"

"Mama, mimi sitoki jasho."

"Si afadhali. Wenzio wanahangaika kununua manukato."

"Sitanii, mama. Nasimama kwenye karai la chipsi pale stendi mchana kutwa. Yassin analowa mpaka suruali. Mimi mkavu, na nasikia baridi." "Halafu Yassin anasema nanuka kafuri. Anasema usiku akinikumbatia anakumbuka msiba wa bibi yake."

Mama Hafsa alitaka kufanya mzaha mwingine, akautafuta mdomoni, hakuukuta. Akamwambia mwanawe ale, ajifunike, asome. Simu ilipokatika alibaki ameishika sikioni, na kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya, ndipo akasikia.

Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya bati, hata kuku wamejificha. Chumbani kulikuwa na kitu kinachogonga. Si kwa nguvu. Tiki, tiki, tiki, kidogo kidogo, kama meno ya mtu mwenye homa. Akasimama mlangoni. Sauti ilitoka kwenye sanduku, na alijua ni nini, kwa sababu aliziosha mwenyewe: zilikuwa shanga, zinagongana kifuani mwa kitu kinachotetemeka.

Angeweza kukimbia. Mimi ningekuwa nimeshafika Mingoyo. Lakini Mama Hafsa alikuwa mtu aliyezoea kufungua mashuka ambayo wengine hawawezi, akasogea, akainua kifuniko, na harufu ya kafuri ikampiga usoni kama pumzi, na chini ya kafuri kulikuwa na harufu nyingine aliyoijua kuliko ya mwili wake, harufu ya utosi wa Hafsa alipokuwa mchanga, akiwa ametoka kulala, na ile bafta aliyoifunga ikiwa bapa juu ya nguo tupu sasa ilikuwa imejaa, ina mabega, ina nyonga, na katikati, chini kidogo ya kitambaa cha juu, ilikuwa ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, taratibu, bila haraka, kama mtu aliyelala usingizi mzuri baada ya kuoga, na mkono wa Mama Hafsa, ule ule uliopita juu ya vifua vingi visivyopanda, ukajiendea wenyewe ukatua pale, na chini ya kiganja akasikia moyo.

Akafunga kifuniko. Akatoka mpaka ukutani kwa Fortunata, akanyoosha kidole tu.

Fortunata hakwenda kutazama. Alishika rozari yake, akauliza kwa kunong'ona, "Umeliosha vipi?"

Mama Hafsa akamweleza, kuanzia unga wa mkunazi. Alipofika kwenye kafuri aliacha kusema, maana alijisikia mwenyewe.

Kesho yake Yassin alimleta Hafsa. Alimshusha kwenye gari la mtu aliyewapa lifti, akaingia naye ndani amembeba kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika begi, na begi ndilo lililomwelemea. Hafsa alikuwa macho, anaona, anajaribu hata kutabasamu. Ngozi yake ilikuwa kavu, imevutika kwenye mifupa.

"Hospitali wamempima kila kitu, mama," Yassin alisema, sauti inakatika. "Wanasema haumwi. Mama, mimi namwona anaisha."

Mama Hafsa akamshika mwanawe nyayo. Aliujua ubaridi ule. Kila alipoitwa kwenye nyumba za watu, ndio aliokuwa akianza kuushika.

Akaitwa Fundi Abdulatifu kutoka Mingoyo, mtu mfupi mwenye tumbo, anayesifika kwa kuwatoa majini waliowashinda wenzake. Alifika nyuma ya bodaboda, akashuka, akavua kofia ngumu, akanusa mlangoni, akairudisha kofia kichwani. Hakuivua tena mpaka mwisho.

"Nani amefariki humu?" akauliza.

"Hajafariki mtu, fundi," alisema Yassin.

"Basi mmemwosha nani?"

Fundi akamtazama Mama Hafsa, akaishusha sauti, kama anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. "Mama, umetengeneza maiti pasipo mtu. Umeosha, umetia kafuri, umevika sanda, umesoma. Kisha hukuzika. Umejenga nyumba ukaacha mlango wazi. Sasa amepita mmoja, kaona pazuri, kaingia. Ila nyumba ina mwili tu, haina uhai. Uhai anauchota kwa mwenye nguo."

"Tulichome moto," alisema Yassin.

"Uhai wa mkeo uko humo ndani, kijana. Utakachochoma ni nini?"

"Basi tulifue upya. Tulitoe hiyo kafuri."

"Utamtoa mtu kwa kumwogesha? Wewe ukioga unatoka?"

Pengine siku nyingine wangecheka. Fundi akawasha chetezo, akatia ubani, akamlaza Hafsa kwenye mkeka sebuleni, akamfunika kaniki. Mlango wa chumbani ukaachwa wazi. Akasoma kwa sauti ya chini, muda mrefu, moshi ukatanda mpaka watu wakawa wanatambuana kwa kukohoa. Kule chumbani shanga zikaanza kugongana, na kila zilipoongeza kasi kifua cha Hafsa kilipunguza, na pumzi zake zikawa zinakuja kwa kuachana, na mama yake, aliyeosha vidonda vya wafu miaka yote hiyo bila kutetemeka, akawa ametia pembe ya kanga mdomoni ili asipige kelele, mpaka ghafla shanga zikanyamaza, na Hafsa akafumbua mdomo na sauti ikatoka, nayo haikuwa nene wala ya kutisha kama tunavyosimuliwa, bali laini, ya mtoto wa kike aliyeamshwa.

"Mnanifukuza kwa nini?"

"Hapo si pako," alisema fundi.

"Pangu. Nimeoshwa. Hakuna aliyewahi kuniosha. Tangu kuumbwa nakaa kwenye magofu, kwenye visima vilivyokauka, napigiwa kelele na kutupiwa mawe. Huyu mama amenishika kama chungu kibichi."

"Unataka nini utoke? Mbuzi? Halua? Marashi?"

"Sitaki kula."

"Sema basi."

Kichwa cha Hafsa kikageuka polepole mpaka macho yakamkuta mama yake. "Namtaka mama."

Mama Hafsa akatoa kanga mdomoni. "Nichukue. Nichukue mimi umwache."

"Sikutaki hivyo. Ukifa nani atanitunza? Nataka uwe wangu. Unioshe, unifunge, ukae na mimi. Huyu nitamrudishia chake chote, ataishi. Lakini asikanyage hapa tena. Mama mmoja, mtoto mmoja."

Fundi Abdulatifu akatikisa kichwa kwa nguvu, akamnong'oneza, "Usikubali, mama. Nipe mpaka Ijumaa. Nitarudi na wenzangu."

Mama Hafsa hakumtazama. Alikuwa akitazama kifua cha mwanawe. Kilipanda. Kikashuka. Akangoja kipande tena, na akangoja, na kwa kazi yake alijua kuna kungoja kwa namna mbili, pumzi itakayorudi na isiyorudi, na hii ilikuwa ile ya pili.

"Nimekubali," akasema.

Hafsa akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa baharini. Jasho likamtoka papo hapo, usoni, shingoni, kifuani, likalowesha kaniki na mkeka. Yassin alianguka juu yake akilia. Alipotaka kumkalisha, Mama Hafsa alimzuia kwa mkono.

"Mtoe nje."

"Mama, apumzike kwanza."

"Mtoe sasa hivi, baba. Muda huu."

Hafsa alirudi hali yake kabisa. Alinenepa, akarudi kwenye karai lake la chipsi, na baada ya muda akawa mjamzito. Hakuwa akikumbuka kitu. Yassin alimweleza, naye akamwona mumewe amechanganyikiwa. Mama gani anamkataza mwanawe nyumba? Akapiga simu kila siku. Mama yake alipokea, akauliza hali, akaomba dua, akakata. Watu waliacha kumwita kuosha maiti, maana alipoitwa hakwenda. Fortunata alihama. Alisema amepata fremu nzuri ya kazi karibu na soko, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Tumbo lilipokuwa kubwa, Hafsa akapanda basi bila kumuaga mumewe. Alifika alasiri kwa bodaboda, ana mfuko wa korosho na kitenge kipya cha mama yake. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama yake akatokea dirishani, nyuma ya nondo, amekonda, mikono yake imenyauka ncha za vidole kama ya mtu anayeshinda kwenye maji.

"Simama hapo hapo, mwanangu."

"Mama, nifungulie. Nimekuja nijifungulie kwako. Kila mtu anajifungulia kwa mama yake."

"Utajifungulia kwa mama mkwe wako. Ni mtu mwema."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Mama Hafsa alitoa mkono nje ya nondo, akaurudisha kabla haujafika. "Geuka kidogo nikuone tumbo. Hivyo. Limekaa vizuri. Sasa nenda, jua lisizame hujapata gari."

"Hutaki hata kumshika?"

Hafsa alingoja, kisha akaweka mfuko chini barazani, akajifuta uso kwa mtandio, akageuka. Alikuwa amefika barabarani, amemshika dereva bega apande, na mama yake aliyekuwa ameyaweza yote mpaka hapo akashindwa na jambo dogo tu, akataka kuuona uso ule mara moja zaidi.

"Hafsa," akaita.

"Abee, mama."

Sauti ilitoka chumbani, nyuma yake, nzuri, ya mtoto aliyelelewa. Yule wa barabarani, aliyekuwa ameshafumbua mdomo kuitika, akaufumba, akashika tumbo kwa mikono miwili, akamwambia dereva waondoke.