Hodi Kutoka Ghalani

Jioni ile, zabibu zikichachuka ghalani, nilikuwa nafuta glasi tu. Wageni wa mwisho walishaondoka, mume wangu ameshuka ghalani kujaza jagi, binti yetu anachezea vizibo sakafuni. Mama mkwe alikuwa anasinzia dirishani.

Katika kiwanda hiki cha mvinyo cha familia, kazi yangu ni kukaribisha. Ukipiga hodi kwenye chumba cha kuonjea, naitikia kabla hujamaliza. Mume wangu hunitania kwamba hata mwizi nitamwekea kiti.

Nilipoolewa, mama mkwe alinikataza jambo moja: zabibu zikiwa zinachachuka, hodi ikitoka ghalani nisiitikie. Baba mkwe alifia humo, hewa ya mapipa ilimkosesha pumzi. Nilicheka kimoyomoyo. Nani apige hodi akiwa ndani ya nyumba?

"Hodi..."

"Karibu."

Ilinitoka tu, kabla sijatambua kuwa hodi imetoka ghalani. Mdomo umezoea.

Mama mkwe akafumbua macho. Hakunigombeza. Alianza kulia kimyakimya, na hapo ndipo nilipoogopa.

Ngazi zikalia. Ko... ko... ko... Harufu ya zabibu zilizooza ikatangulia.

Akatokea mume wangu. Nikashusha pumzi. Lakini hakuwa na jagi, na macho yake yalinipita kama hanijui. Akaenda kuchuchumaa mbele ya mama yake, akamshika shavu.

"Umezeeka, mke wangu."

Kisha, kutoka chini, kwa sauti ya mume wangu: "Hodi..."

Mama mkwe akalivuta sikio langu karibu. "Usiitikie," alinong'ona. "Aliyefia chini hupanda na mwili wa aliyeko chini. Mwenye mwili hubaki, akisubiri mwili mwingine."

Tangu siku hiyo mume wangu hupiga hodi kila jioni, nami nauma ulimi. Huyu wa juu anakaa upande wa wageni, anakunywa, hashuki ghalani kabisa.

Leo nimetoka kuanua vitambaa vya meza. Niliporudi alikuwa anatabasamu.

"Nimemtuma mtoto ghalani, alete jagi," alisema.

Nimeukimbilia mlango wa ghala. Umefungwa, haufunguki. Nimeupiga mpaka mikono imevimba.

Kutoka nyuma ya mlango, taratibu, kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe:

"Mama... hodi?"

Sauti ni ya binti yangu. Sijui anayeita ni yeye, au ni baba yake.

"Mama, hodi..."

Mdomo wangu umeshafunguka.