Aliyeachwa kwenye Lango la Wafu

Nary alikuwa amelala kwenye machela adhuhuri, akinyonya hewa. Ana miaka miwili, ziwa aliacha zamani, lakini midomo ilivuta na koo likameza. Mama yake, Somaly, alimwinamia, akasikia harufu ya matope ya bwawa. Kidevuni mwa mtoto palikuwa na tone la maziwa.

Alimweleza Phally, mfagiaji mwenzake kwenye hekalu la nyuso za mawe.

"Juzi ulitoka ndani ya ukuta wa mji wa kale kwa lango gani?" Phally aliuliza.

"La Wafu. Mvua ilikuwa inakuja, dada."

"Na mtoto? Lango la kutolea maiti? Una wazimu? Sote tunazunguka kupitia Lango la Ushindi!"

"Kuzunguka rahisi kwako, hubebi mtoto na ndoo."

Phally alimsogelea. "Basi mama yake wa kwanza amemwona," alinong'ona.

Yule aliyemzaa katika maisha yaliyopita. Kwa kawaida mama hao huwachekesha tu watoto usingizini. Huyu alikuwa akinyonyesha. Siku ya tatu Nary alikataa wali, mashavu yakabonyea.

Mganga Tep alifinyanga mtoto wa udongo, akamvika gauni la Nary.

"Ingia nao wote wawili kwa Lango la Wafu. Umwachie mama yule huyu wa udongo. Toka kwa Lango la Ushindi. Ukiitwa usigeuke, mama. Aite yeyote."

Asubuhi Somaly alimlaza wa udongo chini ya nyuso za mawe za Lango la Wafu, akamfunika Nary kichwa kwa kitambaa, akaondoka naye kiunoni, ukuta ukiwa mkono wa kulia.

"Mama!"

Ilikuwa sauti ya Nary, yenye kikwikwi chake cha kulia, ikitoka nyuma, langoni, "Mama, umeniacha!", na Somaly akaendelea kutembea, huku aliyekuwa kiunoni akiwa kimya, mzito, wa baridi kama mtungi, na harufu ya matope ikimfuata, naye akitamani kufunua kitambaa aone amembeba nani lakini mkono ukikataa, mpaka kilio kikakauka na Lango la Ushindi likawa nyuma yake.

Nyumbani Nary alikula bakuli mbili za wali.

"Umeona?" Phally alisema. "Amepona."

Amenenepa kweli, na hacheki tena usingizini. Kila jioni Somaly humwogesha, na kila jioni maji ya beseni hubaki na udongo. Huyamwaga, kisha huenda kupika.